Mto Ulivyomtukana Mfiwa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu husema nikizaliwa mara ya pili nitazaliwa kitasa, nikae mlangoni nisiende popote. Hapa Garsen kuna watu wanaojua habari za mji mzima kwa kuzunguka sokoni asubuhi tu. Mimi habari hunikuta kwenye mkeka, zikiwa zimeshapoa. Nasema haya mapema kwa sababu yote yaliyotokea yalianzia hapo, kwenye uvivu wangu wa kuvaa viatu.

Programu yetu ni ndogo. Kuna mtu Nanighi, juu kule upande wa Bura, ambaye kila asubuhi hutazama maji yamefika wapi kwenye nguzo aliyoitia alama, kisha hututumia ujumbe. Programu inaupokea, inakisia maji yale yatatufikia lini huku chini, halafu inawaandikia wakulima wa kando ya mto: toa pampu, vuna kilichoiva, hamisha mbuzi. Ujumbe unatoka kwenye simu kuukuu iliyochomekwa kwenye laptopu yangu, chumbani, karibu na birika. Wakulima wengi wameihifadhi namba hiyo kwa jina la Mto. Hakuna anayetulipa, na hatujawahi kumwomba mtu atulipe. Tuko watatu: mimi, dada mmoja mwenye duka la kuchapisha na kutoa nakala pale Tarasaa, na mwenzangu wa Kulesa, niliyekaa naye dawati moja sekondari. Hesabu ya maji ni yake. Mimi, niliyeishia kidato cha nne na kozi fupi ya kompyuta, najua kutunga ujumbe na kuongea sana.

Zamani programu nzima ilikaa ndani ya flashi moja iliyofungwa uzi wa kiatu. Mwenye flashi ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kubadilisha kitu. Wengine tulikaa tukisubiri. Na ilipelekwa na mwenyewe, haikupewa mtu aipeleke, kwa sababu safari moja tulimpa kijana wa bodaboda naye akaifua pamoja na shati. Basi ukifika na flashi, mwenyeji anakuwekea chai, nawe unaeleza ulichobadilisha kabla kikombe hakijaisha. Ukimaliza chai hujaeleweka, unarudi na flashi yako. Ndiyo ilikuwa sheria, na tuliifuata kama watu wazima.

Kulesa chai ilikuwa ya mama yake mwenzangu. Tangawizi mpaka masikio yanawaka. Mama alikuwa anakaa upande wa pili wa ukuta wa makuti akichambua mchele, akisikiliza kila neno, na tulipofika mahali pa mabishano alikuwa anauliza, "Huo mto wenu wa ndani ya kompyuta, umejaa au haujajaa?" Mwanawe akimjibu kwamba bado, alikuwa anasema, "Basi kunyweni chai, mbona mnapiga kelele kama umeshawachukua?"

Halafu nikasoma habari za ile mifumo wanayotumia watu wa programu siku hizi. Kila mtu ana nakala yake nzima, anafanya kazi kwake, kisha anapandisha mabadiliko yake mtandaoni yanakutana na ya wenzake. Kila badiliko linabaki na jina la aliyelifanya, na mkikosea mnarudi nyuma mpaka pale palipokuwa pazima. Niliushika mfumo huo nikauhubiri. Nikawaambia flashi itapotea siku moja, tutalia. Nikawaambia wawili wataweza kufanya kazi kwa wakati mmoja. Nikawaonyesha makabrasha yaliyojaa ndani ya flashi: "mpya", "mpya kabisa", "mpya ya mwisho", "ya mwisho kweli". Yote niliyosema yalikuwa kweli. Sababu yangu mwenyewe sikuitaja: nilichoka kwenda Kulesa.

Dada wa Tarasaa alikubali mara moja. Mwenzangu alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na chai je?"

"Kila mtu atakunywa kwake."

"Na Mama atamuuliza nani habari za mto?"

"Utampandishia chai mtandaoni," nikasema, na wote watatu tukacheka. Yeye alicheka kidogo kuliko sisi. Nililiona hilo, nikalipita.

Tukahama. Kwa muda mambo yalikuwa matamu, kisha yakaanza kuvunjika, kwa kuwa sasa hakuna aliyelazimika kumweleza mwenzake kitu. Unabadilisha, unapandisha, unalala. Kuna siku wakulima waliandikiwa kwamba maji yatafika jana. Mzee mmoja alinipigia akaniuliza kwa upole kama jana hiyo ni ya wiki hii.

Hapo ndipo nilipoleta majaribio ya kujiendesha. Ni programu ndogondogo zinazoipima ile kubwa kila mtu anapopandisha kitu. Zinaiambia: tuseme maji ya Nanighi yako hapa, utajibu nini? Ikijibu sawasawa, alama ya kijani. Ikikosea hata moja, nyekundu, na kilichopandishwa hakiendi kwa wakulima. Linaendelea kutumika lile toleo la zamani lililo zima. Mwenzangu ndiye aliyeyaandika mengi ya majaribio hayo. Kazi nzuri kabisa, sina neno juu yake.

Neno ninalo juu ya nilichoongeza mimi. Kwanza niliweka sheria kwamba kila mtu apandishe kazi yake kila siku kabla ya alasiri, hata ikiwa nusu, ili isirundikane. Pili, niliifundisha ile simu ya Mto kwamba alama ikiwa nyekundu, imwandikie aliyevunja, kila alasiri, mpaka arekebishe. Mwenzangu alikuwa na kabambe, simu ndogo ya vitufe ya kupigia tu, na bando la laptopu alikuwa akilinunua kidogokidogo, kwa hiyo ujumbe wa kawaida wa simu ulimfaa. Mpaka hapo nilikuwa mtu mwenye akili. Lakini maneno ya ujumbe niliyatunga mimi, na mimi siwezi kumwambia mtu "tafadhali rekebisha" kama binadamu wengine. Niliandika mizaha kadhaa, simu iwe inachagua yenyewe. "Fundi, ukuta umeanguka, uko wapi?" "Umevunja nyumba na mwenyewe umelala." Na mmoja nilioupenda kupita yote: "Amka wewe! Usingizi mrefu uko kaburini."

Alipoupata huo mara ya kwanza alinipigia akicheka. "Nimeamka, bwana. Mwambie huyo Mto wako nimeamka."

Basi siku moja ikawa nyekundu. Nilifungua nikaona jina lake. Alikuwa ameanza mstari wa kuangalia kama maji ya Nanighi yamezidi alama ya juu, na baada ya neno la "kama yamezidi" hapakuwa na kitu. Mstari umekatika katikati kama mtu aliyeitwa na jirani. Niliingia kwenye kundi letu la WhatsApp, ambamo yeye hayumo, nikamwandikia dada wa Tarasaa, "Leo fundi wetu amesinzia juu ya kibodi."

Akacheka kwa vile vikatuni vya machozi. Kisha akaandika, "Mpigie basi."

"Mashine inamwandikia," nikamjibu.

Kesho yake bado nyekundu, na mashine ikaandika. Keshokutwa hivyohivyo, na siku zilizofuata. Nilikuwa nimeanza kukasirika. Nilimwambia mke wangu kwamba watu wa kujitolea ndio hao, wakichoka hawasemi, wananyamaza tu. Nikiwa katikati ya hotuba hiyo ile simu ya Mto ikawaka kando ya birika. Mtu anapiga. Huwa haina mlio, inawaka tu. Wakulima hupiga mara nyingi, wanadhani kuna mtu ndani. Ikawaka ikazima, ikawaka tena, na nuru yake ilikuwa inanipiga machoni nikinywa chai. Nikaigeuza kifudifudi.

Dada wa Tarasaa alinipigia baadaye, siku nyingine. Hakuanza kwa utani.

"Kaka, mbona sikukuona?"

"Wapi?"

"Kulesa. Mazishini."

"Mazishi ya nani?"

Nilisikia mashine yake ya kuchapisha ikivuta karatasi. "Wewe hujui," akasema. Hakuwa ananiuliza. "Mama yake. Walikuja kwangu kuchapisha ratiba ya ibada. Mimi nikajua wewe unajua, wewe si ndiye wa karibu?"

Mke wangu aliposikia hakunicheka. Hilo ndilo lililonitisha. Alitoa sukari na majani ya chai akayafunga, akaleta viatu vyangu akaviweka mbele yangu, akasema, "Au unangoja mashine ikupelekee pole?"

Nilifika Kulesa matanga yameshaondolewa. Anayekuja wakati huo hana pa kujificha: hakuna umati, hakuna kwaya, hakuna sufuria kubwa za kukupa kisingizio cha kushika kuni. Mkeka ulikuwa mmoja, na juu yake alikaa mama mdogo wake mwenzangu, yaani mdogo wa marehemu, akikausha mbegu za mahindi. Nilimpa mkono, nikampa pole, nikampa kile kifurushi. Alikipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

"Karibu mwanangu. Umetoka wapi?"

"Garsen."

"Garsen," akarudia, kana kwamba nimesema Mombasa. "Pole na safari."

Mwenzangu alitoka ndani. Kichwa amekinyoa, shati limekuwa kubwa kwake. Tukashikana mikono. Nikasema pole, akasema tumeshapoa. Akaketi. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima na hata moja sikuliona. Nikauliza habari za mahindi. Akasema nyani wamemaliza upande wa kichakani. Nikauliza habari za nyani.

Ndipo kabambe yake, iliyokuwa juu ya kigoda kati yetu, ikalia. Ilikuwa alasiri.

Wallahi nilijua kabla hajaishika. Nilikuwa nimeondoka nyumbani kwa aibu na haraka, na mashine nimeiacha na maagizo yake. Hakuishika. Mama mdogo ndiye aliyeichukua, akaisogeza mbali na macho ili asome.

"Ni yule yule Mto," akasema. "Leo anasema, 'Umevunja nyumba na mwenyewe umelala.'" Akanigeukia mimi kama mgeni anayefaa kupelekewa mashtaka. "Mwanangu, wewe umesoma. Huyu Mto ni mtu wa wapi? Siku tunazika, huyu kanipa simu nimshikie, yeye anabeba jeneza. Mchungaji anaomba, simu inalia kwenye kanga yangu. Nafungua nidhani ni watu wa Hola wamekwama njiani. Nakuta ananiambia amka, usingizi mrefu uko kaburini. Na kaburi hili hapa mbele yangu! Nikampigia pale pale nimuulize mamake ni nani. Hashiki. Nikampiga tena, hashiki."

Nilitazama mbegu za mahindi.

"Si mtu, mama," nikasema. "Ni mashine."

"Mashine."

"Ndiyo. Inaandika yenyewe."

"Na matusi ilifundishwa na nani?"

Mwenzangu alikuwa akitazama chini. Angeweza kunisaidia. Angeweza kusema ni mambo ya kazi, mama mdogo, yaache. Hakusema, na hakuwa na deni la kunisemea.

"Niliifundisha mimi," nikasema.

Mama mdogo aliirudisha simu kwenye kigoda taratibu. Akaendelea kugeuza mbegu. "Na nilipopiga," akasema, "mashine ilikuwa peke yake?"

"Nilikuwa karibu nayo."

"Ukifanya nini?"

Nikamwambia kweli. "Nikinywa chai."

Aliokota mbegu moja mbovu akawatupia kuku.

Mwenzangu aliinuka akaniambia twende shambani. Tulipita nyuma ya nyumba, kwenye migomba, ardhi bado ina nyufa, akitangulia yeye. Nilianza kuomba msamaha kwa mgongo wake. Nikasema sikujua, nikasema ungenipigia, kisha nikajisikia mwenyewe jinsi sentensi hiyo inavyonuka, nikaacha.

"Ujumbe haukuniudhi sana," akasema bila kugeuka. "Mama angeucheka. Angesema mnabishana hata mtu akizikwa."

Tukaenda kidogo.

"Ule mstari," akasema, "uliuona?"

"Niliuona. Umekatika."

"Nilikuwa nao, alasiri imekaribia. Mama yuko ndani, alikuwa ameamka na kifua, akaniita nimpe maji. Nikamwambia, 'Ngoja kidogo, Mama, napandisha.' Mtandao ulikuwa unasuasua. Akaita tena. Nikasema, 'Ngoja.'" Alisukuma jani la mgomba tupite. "Mara ya tatu hakuita. Nikapandisha hivyo hivyo nusu, kwa kuwa si ulisema hata nusu, nikampelekea maji. Akayanywa. Akaniuliza kama mto umejaa. Tukatafuta pikipiki ya kumpeleka hospitali, na huko hakukaa sana."

Nililishika lile jani lililokuwa linarudi, nikapita.

"Daktari alisema haingebadilisha kitu," akasema. "Kwa hiyo si hilo. Ni kwamba nilimwambia ngoja."

Watu wameniambia baadaye kwamba hilo si kosa langu, kwamba kila mtoto ameshamwambia mamake ngoja. Dada wa Tarasaa ameniambia, na mke wangu, ambaye si mtu wa kunipunguzia, ameniambia. Nawasikia. Lakini sheria ile ya alasiri niliiandika mimi, nikiwa nimelala kwa ubavu, na maji ya kunywa yako mkononi mwangu. Mama yule alinipikia chai miaka, na mimi nilipanga kazi nzima upya ili nisiende kuinywa.

Kaburi liko mwisho wa shamba, mahali ambapo maji yakipanda hayafiki. Udongo ulikuwa bado mbichi, na mtu ameuzungushia matawi ya miba ili mbuzi wasipande juu. Mama mdogo alikuwa ametufuata polepole, sikumsikia. Alifika akasimama kando yangu.

"Dada," akaliambia kaburi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeongea kupitia ukuta wa makuti, "mwenye Mto amekuja." Kisha akaniambia mimi, "Haya. Mwambie mwenyewe."

Mimi ninayejua kuongea nilisimama pale kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Nikasema, "Mama, shikamoo." Nikakwama. Kisha nikasema kwamba nimechelewa. Nikasema yale maneno ya kwenye simu hayakumlenga yeye, wala hayakutoka kwa mwanawe, niliyatunga mimi, na kwamba nilidhani yanachekesha.

"Sauti," mama mdogo akasema. "Alikuwa hasikii vizuri sikio moja."

Nikayasema yote upya kwa sauti. Kwenye shamba la jirani mtu aliacha kulima akatutazama.

Nilipomaliza, mwenzangu alikuwa ameupa mgongo mto, mikono mfukoni. Nilimuuliza nilichokwenda kumuuliza, na nilijua si mahali pake, ila nisingekuwa na ujasiri mahali pengine. "Utarudi kwetu?"

"Sijui," akasema. "Laptopu sijaifungua. Nikiifungua nitaukuta ule mstari."

"Nikuondolee?"

Akafikiri. "Usiuguse."

Nilirudi Garsen, nikaifuta mizaha yote, nikaifuta sheria ya alasiri. Haikuchukua muda, vitu vya aina hiyo hufutika upesi. Mfumo wetu mpya umeandika kwamba nimevifuta, kwa jina langu, pamoja na kwamba ndimi niliyeviweka. Alama imebaki nyekundu. Wakulima hawajui lolote, wanaendelea kupata ujumbe wa toleo la zamani, na ni ujumbe mzuri, kwa kuwa hesabu yake ni ya mwenzangu.

Dada wa Tarasaa hapendi. Ana kazi yake ya kupandisha, nayo imekwama nyuma ya mstari ule. "Kaka, ni mstari mmoja," huniambia. "Naufuta, tunaendelea. Mvua itatukuta hivi?" Ana haki. Nimemwomba asubiri, naye kila akisubiri ananikumbusha ni nani aliyetuambia kazi isirundikane.

Kila Jumapili nampigia mwenzangu kwa namba yangu mwenyewe. Tunaongea habari za mahindi, za nyani, za kiboko aliyepita kwenye mpunga wa mama mdogo. Sitanii sana. Yeye ndiye anayeanza siku hizi, kidogokidogo. Jumapili iliyopita aliniuliza kama viatu vyangu vimeshapona safari ya Kulesa. Kabla ya kukata nikasikia kuku wao, kisha akauliza kama bado ni nyekundu.

Nikamwambia bado.

"Dada wa Tarasaa anasemaje?"

"Anasema mvua inakuja."

"Ni kweli inakuja," akasema. Nikangoja. "Mwombe anipe Jumapili moja nyingine," akasema. "Usimwambie nitafanya. Mwambie tu anipe."

Nikamwambia. Amekubali, kwa manung'uniko. Jumapili ni kesho, na safari hii sitampigia mpaka yeye apige.